Raiti ya Akina Mama wa Kitope

Mwenye mtoto shuleni asogee mbele. Asiye naye akae nyuma, majirani watamwambia yaliyompita. Habari hizi ni za nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu jina lake halitajwi bila kibali, na anayetoa vibali yuko safarini tangu mwaka juzi.

Katika nchi hiyo watu wote walisema Kiswahili. Waliuza kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, wakazikana kwa Kiswahili. Ila sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Serikali ilieleza vizuri tu, kwamba sheria ni kitu safi, na kitu safi hakiwekwi mahali ambapo kila mtu anaweza kukishika. Ukitaka kujua sheria inasema nini, ulikwenda Idara ya Maana, jengo la ghorofa nne. Ghorofa ya kwanza walipokea maneno, ya pili waliyapima, ya tatu waliyakausha, na ya nne alikaa Mkurugenzi wa Maana, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuyamaanisha.

Mbali na jengo hilo lilikuwapo Bonde la Kitope, na humo aliishi Mama Ghanima, mfinyanzi. Udongo wa Kitope ulikuwa mweusi, laini kama unga uliopetwa, na chungu chake hakikupasuka hata ukikisahau motoni mpaka maharage yawe mkaa. Wanawake wa bonde lile waliuchimba tangu bibi wa bibi zao. Hawakuwa na kingine.

Mama Ghanima alikuwa na kimoja zaidi, naye ni Ghanima. Mtoto huyo alisomeshwa kwa udongo. Sare ya kwanza ilitoka kwenye mitungi ya harusi, viatu kwenye vyetezo, sanduku la bweni kwenye vyungu vya wali wa msiba mmoja mkubwa. Mama mwenyewe aliishia darasa la saba, akawa mwanamke pekee Kitope mwenye cheti, na cheti hicho alikifunga kwenye kanga ya zamani. Alitaka mwanawe afike mbele zaidi.

"Kisome Kiingereza mpaka kikuogope," alimwambia.

Ghanima akakisoma. Kiingereza kikamwogopa, kikamtii, na siku moja Idara ya Maana ikamchukua. Kitope walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Sasa, walisema, tuna wetu ndani.

Wenye watoto, hapo ndipo pa kutia alama.

*

Mwaka uliofuata Serikali ilitangaza kwamba jumba la Idara ya Maana litaezekwa vigae vipya, na kwamba wataalamu, baada ya kuzunguka nchi nzima kwa magari yenye viyoyozi, wamegundua udongo bora uko Kitope. Haukuwa umegunduliwa bado. Wanawake walikuwa wakiuchimba tu.

Wakaitwa mkutanoni. Afisa Tarafa alisimama, akajifuta jasho, akasema, "Serikali yenu sikivu haiwezi kuwapokonya. Serikali imewaletea mkataba. Mkataba unawapa kitu kikubwa. Na ili msiseme mmedanganywa na mtu baki, atakayewasomea ni binti yenu wenyewe."

Ghanima akashuka garini. Alikuwa amenenepa kidogo, na alivaa miwani. Mama yake alimwona akakaza kanga kifuani, maana machozi yalimjia na hakutaka kuanza kulia mbele ya watu.

Ghanima akasoma kwa sauti nzuri. Ulikuwa mkataba wa sentensi moja, kwa Kiingereza, na wote walisikia maneno mawili waliyopata kuyasikia: Kitope, na katikati ya sentensi, raiti.

"Wamesema tuna nini?" akauliza Bi Somoe, mfinyanzi jirani, mwanamke mwenye ulimi wa wembe.

"Mna raiti ya udongo, mama."

"Raiti ndiyo nini?"

Ghanima akatabasamu. "Nyinyi mnaijuaje?"

Mama Ghanima akajibu kwanza, maana alikuwa na cheti. "Mwalimu wa hesabu alikuwa akisema raiti ukipata jibu. Raiti ni sahihi."

"Aka," akasema Bi Somoe. "Marehemu mume wangu alikuwa utingo wa lori. Raiti ni kata kulia. Ukikata kushoto unaingia mtaroni, ndivyo alivyokufa."

"Mimi nasikia oraiti," akasema mama mwingine kutoka nyuma. "Oraiti ni haya basi, yamekwisha."

"Zote ni kweli, mama zangu," akasema Ghanima. "Huo ndio utajiri wa Kiingereza. Neno moja mnapewa, maana zake nyingi zinakuja zenyewe kama vifaranga nyuma ya kuku."

"Lakini ni neno zuri?" mama yake akamuuliza polepole, kama anauliza homa ya mtoto.

Ghanima akageuza macho kidogo, akayaweka kwenye mkataba. "Ni neno zuri sana, mama. Hakuna nchi inayoendelea bila hilo."

Basi wakaweka vidole gumba. Mama Ghanima hakuweka kidole, aliandika jina lake lote, herufi zikiwa zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, na ndiye aliyeandika wa kwanza ili wengine wasiogope.

*

Baada ya wiki tatu lilikuja tangazo la Kiswahili lenye mhuri wa Idara ya Maana, likabandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Lilisema: Wanawake wa Kitope watakuwa na kulia kwa udongo.

Watu walilisoma mara nyingi. Lilikuwa Kiswahili, hilo halikubishaniwa, ila lilikuwa Kiswahili kilichokaushwa ghorofa ya tatu.

Kamati ya Upande ikafika siku ileile, na kamba, na vigingi, na mwenyekiti mwenye kofia ngumu. "Tumekuja kuwapa kulia kwenu," akasema. Akasimama katikati ya bonde, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Upande huu wenu. Upande huu mwingine wa vigae."

Upande wa mkono wake wa kulia ulikuwa majabali matupu, palipokuwa pakilala kenge.

"Subiri, baba," akasema Bi Somoe. "Hebu geuka uangalie huku. Umeona? Ukigeuka, kulia kwetu kunakuwa kwenye udongo."

"Siwezi kugeuka," akasema mwenyekiti. "Huku ni kulia kwa Serikali, si kulia kwangu. Serikali inatazama mji mkuu."

"Kwa hiyo imetupa mgongo?"

Mwenyekiti akafikiri. "Kijiografia, ndiyo."

Wakapiga vigingi. Wanawake wakapewa majabali kwa hati, na kenge wakahesabiwa kuwa wapangaji.

*

Wanawake wakapeleka malalamiko. Serikali ile ilikuwa inapenda sana malalamiko, iliyapokea kwa mikono miwili na kuyawekea kabati lenye kufuli. Hata hivyo yao yalifika mpaka ghorofa ya nne, na Mkurugenzi wa Maana akashuka mwenyewe mpaka Kitope kuwahutubia.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimehuzunika. Nimeambiwa kuna maafisa wachache wasio waaminifu waliowafasiria kulia kama mkono. Huo ni ufinyu wa elimu. Serikali yenu, inayowapenda, haiwezi kuwapa mkono tu. Kulia kulikokusudiwa katika mkataba huu ni kulia kwenyewe. Kulia kwa macho. Mmepewa ruhusa ya kudumu, ninyi na watoto wenu, ya kuulilia udongo wa Kitope. Kuna nchi ambazo mtu akilia anapigwa mabomu. Hapa mnajengewa banda."

Watu wa mkutano walipiga makofi kabla hawajaelewa, kwa mazoea, na walipoelewa mikono ilikuwa imeshachoka.

Banda likajengwa kweli. Liliezekwa bati, likaandikwa juu ya mlango Banda la Kulia, Kitope, Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Afisa Machozi akaletwa, kijana mpole kutoka mikoa ya juu, na daftari la mahudhurio na kijiko. Aliwanusa viganja mlangoni kuona kama kuna mwenye kitunguu. Kulia kwa sauti kulikubaliwa. Kulia kwa kwikwi kulihitaji barua ya mjumbe. Kulia ukimtaja mtu jina hakukuruhusiwa kabisa.

"Mama, hujatoa chozi," Afisa alimwambia Bi Somoe.

"Leo sina, mwanangu. Njoo Alhamisi."

"Usipotumia unapoteza. Imeandikwa kwenye kanuni."

"Nitumie yangu kwa bati lako?" akasema Bi Somoe. "Mimi nilimlilia mume, tena kidogo."

Huku nyuma matrekta yalikuwa yanakata bonde. Udongo mweusi uliondoka kwa malori, na mashimo yakajaa maji ya kijani.

*

Siku moja Mama Ghanima alikuwa anasubiri zamu yake ya kulia, akasoma lile tangazo la zahanati mpaka chini kabisa, pale ambapo watu hawasomi. Chini ya mhuri paliandikwa: Imefasiriwa na. Mbele ya hapo palikuwa na sahihi. Ilianza na G yenye mkia uliokunjwa ndani, kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Hakuna shule inayofundisha G ya namna hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha, kwa mkaa, juu ya kigae cha mtungi uliovunjika, mtoto akiwa na miaka minne.

Hakulia zamu yake siku ile. Alipanda gari la mizigo hadi mjini, akapanda ghorofa, akamkuta Ghanima mezani na kikombe cha chai.

"Karibu, mama. Umekula?"

"Raiti ya udongo ni nini?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nakuuliza kama mtu asiyejua. Mimi nina darasa la saba. Wewe una shahada, na shahada ile nimeifinyanga mimi. Raiti ni nini?"

Ghanima akavua miwani akaifuta. "Ina maana nyingi. Mimi nilizipeleka juu zote, nikaambiwa ipi inatakiwa."

"Na ile uliyoiacha?"

"Ile haikutakiwa."

"Uliijua siku ile mkutanoni? Ulipotuambia neno zuri?"

"Sikusema uongo, mama. Nilisema ni neno zuri."

Mama Ghanima akamtazama. Alikuwa anatafuta mahali palipopasuka. Mfinyanzi hugonga chungu kwa kidole akasikiliza, na chenye ufa kinajulikana kwa sauti. Huyu alikuwa analia vizuri pande zote.

"Wenzako wa Kitope watakula nini?" akasema.

"Nitakuletea mchele."

"Wenzako, nimesema. Sikusema mimi."

Chai ikapoa. Ghanima akasema kwamba ana kikao.

*

Wanawake wakaenda mahakamani. Sheria ya nchi ile, ukiichimba, haikuwa mbaya: ilisema mkataba uliofasiriwa vibaya unavunjika, mali inarudi kwa wenyewe, na mfasiri aliyepotosha anafungwa miaka saba. Ilitaka tu shahidi. Na shahidi awe amesoma, kwa maana, ilisema sheria, mtu ambaye hajasoma hawezi kujua kama amedanganywa.

Kitope nzima aliyesoma alikuwa mmoja.

Bi Somoe na wenzake wakaja uani kwake. Hawakukaa.

"Mama Ghanima, hatukulazimishi," akasema Bi Somoe. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila na sisi tuna wana. Hao wetu hawajaenda shule bado, na chungu cha kuwapeleka hakipo tena."

"Mkiniambia nikate mkono nitakata," akasema Mama Ghanima.

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuja wenyewe, hatukumtuma mtu."

Siku nne alitembea na miaka saba kichwani. Alihesabu: Ghanima atatoka ana thelathini na sita. Atazaa lini? Nani atampelekea uji? Halafu aliyatazama yale mashimo ya maji ya kijani, na watoto wa watu wakirusha mawe ndani yake kwa kukosa kazi, akahesabu upya.

Asubuhi ya kesi, kwenye baraza ya mahakama, Ghanima alimfuata. Hakuwa na miwani.

"Mama, utanifunga?"

"Utaniambia nilikufundisha nini?" akasema mama. "Nikisema uongo leo, na wewe ulisema juzi, wa kweli nyumbani kwetu ni nani? Paka?"

"Nitakufa humo."

"Hufi. Nitakuja kila Jumapili." Akajifunga kanga upya. "Nitakuja kwa miguu."

Akaingia ndani kabla hajabadilika.

*

Hakimu wa mahakama ile alizaliwa ng'ambo ya kilima cha Kitope, na mama yake alipikia vyungu vya Kitope. Lakini akivaa joho hakuruhusiwa kusikia Kiswahili. Karani alilitangaza hilo mapema: masikio ya Mheshimiwa sasa ni ya Kiingereza, atakayesema asemewe. Na kwa kuwa wilaya nzima ilikuwa na mkalimani mmoja mwenye leseni, mshitakiwa akala kiapo cha ukalimani, akatoka kizimbani akaenda kusimama kando ya shahidi.

"Lakini huyo ndiye anayeshitakiwa," akasema Bi Somoe.

"Ndiyo maana anaijua kesi," akasema karani.

Mama Ghanima akashika meza kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiswahili, polepole, bila kumtazama mtu. "Tafsiri ile si sahihi. Binti yangu aliijua maana ya kweli, akatuficha. Alituambia ni neno zuri, tukaweka vidole. Mimi nilitangulia, wenzangu wakanifuata. Namshuhudia mwanangu, na Mungu anajua ninavyoungua. Turudishieni udongo wetu."

Wanawake wengine waliziba midomo kwa kanga.

Ghanima akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza. Alisema kwa muda mrefu na kwa adabu, na mama alisikiliza kwa mwili mzima. Hakuelewa maneno mengine. Alilielewa moja tu, maana lilikuja mwishoni, limetulia, limekaa raha: oraiti. Haya basi, yamekwisha. Hakimu akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Mama Ghanima akamtazama mwanawe. Ghanima alikuwa anatazama feni ya darini, ambayo haikuwa inazunguka.

Hapo ndipo mwanamke yule alipoona kwamba amemtoa mwanawe sadaka bure, na kwamba mwanawe ameshamtoa yeye mara mbili. Akakumbuka kuwa na yeye alisoma. Kiingereza hakikumwogopa, lakini walikuwa wanafahamiana kwa mbali. Akalitafuta neno la mwalimu wa hesabu, lile la jibu sahihi, na mbele yake akaweka neno la kukataa, analolijua kila mtu. Si sahihi, ndivyo alivyotaka kusema. Akainyoosha shingo, akamtolea hakimu kwa sauti iliyofika nje:

"No raiti! No raiti!"

Hakimu akaweka kalamu chini. Uso wake ulikunjuka kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imefanywa na mwingine. Akasema maneno machache, akagonga meza.

"Nini?" wanawake wakaulizana. "Amesema nini?"

Karani akasimama. "Mheshimiwa anamshukuru shahidi kwa kusema ukweli kwa lugha ya mahakama, isiyohitaji kusemewa. Kesi imekwisha. Sasa mkalimani aandike maneno ya shahidi kwa Kiswahili, yabandikwe zahanati."

Ghanima alikuwa na nafasi. Mtu wa Idara ya Maana alijua vizuri kuliko mtu yeyote mama yake alikusudia neno lipi katika yale mengi. Angeweza kusema, Mheshimiwa, alimaanisha si sahihi. Ni maneno yasiyozidi manne. Karatasi ikaletwa. Akavaa miwani, akainama, akaandika. Karani akasoma kwa sauti:

"Wanawake wa Kitope hawana haki."

Na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile neno raiti kufasiriwa haki. Mpaka siku hiyo lilikuwa mkono, likawa machozi, likawa kila kitu. Lilipohitajika kusema kwamba haipo, maana yake ikapatikana papo hapo, wala haikukaushwa.

Wanawake wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana Mama Ghanima, hakuna aliyemngoja. Yeye alibaki mbele ya meza ya karani. Akaomba aione karatasi, akapewa, kwa sababu ilikuwa imeshagongwa mhuri na haikuweza tena kudhurika. Akaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma neno moja.

"Hapa umekosea," akamwambia mwanawe. "Umeandika hawana. Palitakiwa hatuna. Na wewe ni mwanamke wa Kitope."

Ghanima akaichukua karatasi. Akalitazama neno lile kwa makini, kama kazi yake ilivyomtaka, akalirudia kimoyomoyo.

"Sijakosea, mama," akasema. "Hiyo ni sahihi."